Uzi: Simu isiishie mferejini, ushauri kwa wanaokodi boti nyembamba Uingereza

Msafiri_wa_Julai (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Mwezi wa saba familia tunakodi ile boti nyembamba ndefu ya kwenye mifereji ya Uingereza, wiki nzima. Tunaanzia Ellesmere, tunaelekea Llangollen kule Wales, kisha tunageuza. Tupo mimi, mke, vijana wawili wa sekondari, na mama mkwe ambaye simu yake haibanduki mkononi hata akiwa jikoni.

Hofu yangu si sisi kuzama, maana nimeambiwa sehemu nyingi mtu mzima anasimama na kichwa kinabaki juu. Hofu yangu ni simu. Humo ndimo kuna tiketi, benki, ramani, picha na namba ya kampuni ya boti mkikwama. Yangu imeandikwa IP68 (ile alama ya kustahimili maji na vumbi), ya mke IP67, za vijana sijazichunguza, ya mama mkwe haina maandishi yoyote.

Je, IP68 inatosha nilale usingizi? Vile vifuko vya plastiki vya kuning'iniza shingoni vinafanya kazi au ni mapambo? Na ikitumbukia, ni mchele au kuna la maana zaidi? Wenye uzoefu wa boti hizi na mafundi simu, karibuni.

Nawasilisha.

---

KanaMkononi

Karibu majini mkuu. Mimi hizi boti nimeziendesha misimu kadhaa, ngoja nianze na kukutoa kwenye hiyo IP kwanza.

Wageni wote huuliza maji yataingiaje kwenye simu. Mferejini swali la kwanza ni simu itatokaje mkononi mwako. Maji ya mifereji mingi ni ya rangi ya udongo, huoni chini, na chini kwenyewe kuna tope laini lililojikusanya miaka na miaka. Simu ya IP68 ikilala kwenye tope hilo inaweza kuwa nzima kabisa, inaita, na bado hutaipata. Kwa hiyo pesa yako na akili yako iweke kwanza kwenye kuzuia isianguke, halafu kwenye kuifanya ielee ikianguka. Kuzuia maji yasiingie ni hatua ya tatu.

Sasa zinaangukia wapi? Watu hudhani ni kwenye loki (vile vyumba vya malango mawili vinavyopandisha na kushusha boti). Njia yenu kutoka Ellesmere hadi Llangollen ina loki mbili tu, zile za New Marton. Kwa hiyo huko siko kwenye hatari yenu kubwa. Hatari yenu ni juu ya paa.

Nahodha anasimama shetri (nyuma ya boti), kana (mpini wa usukani) mkononi, na paa la boti linaanza hapo hapo mbele ya kifua chake. Linavutia kama meza: kikombe, miwani, ramani, simu. Lakini paa la chuma limepinda kidogo ili mvua iteremke pembeni, na likilowa linateleza. Mkigusa ukingo kidogo tu, simu inaanza safari. Tena kuna kitu ambacho mgeni hakifikirii: ile kamba ya katikati, iliyofungwa kwenye pete juu ya paa na kuletwa nyuma kwa nahodha. Mkifika mahali pa kuegesha, mtu anashuka nayo nchi kavu na kuivuta. Ikikazwa inapita juu ya paa kuanzia katikati hadi nyuma na kufagia kila kilichopo. Nimeshaona vyungu vya maua vikienda nayo.

Kanuni yangu ni kwamba juu ya paa hakikai kitu usichokuwa tayari kukiaga.

---

Kitochi_Hakifi

Nunueni kitochi, uzi ufungwe.

---

KanaMkononi

@Kitochi_Hakifi unatania ila kuna ukweli. Kitochi chenye laini ya mtandao wa huko, kimechajiwa na kuzimwa, kikawekwa kwenye kabati la ndani pamoja na karatasi yenye namba muhimu, ni bima nzuri kuliko vifuko vyote tutakavyojadili hapa. Namba ya kampuni ya boti iandikwe kwa kalamu. Simu moja ikizama na namba zote zilikuwa humo, kubaki na simu nyingine nne kunasaidia nini?

---

Fundi_Bodi

Nimeona nimeitwa. Nizungumzie hiyo IP maana inawapotosha wengi dukani.

IP ni kiwango cha kimataifa cha IEC (tume ya viwango vya vifaa vya umeme), namba 60529. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. Ya pili ikiwa 7, maana yake simu ilizamishwa mita 1 kwa dakika 30 ikatoka salama. Ikiwa 8, ni zaidi ya hapo, lakini kiasi gani mtengenezaji ndiye anasema. Hapo ndipo watu hawasomi. iPhone kuanzia toleo la 12 zinatajwa mita 6 kwa dakika 30. Galaxy S nyingi za Samsung zinatajwa mita 1.5 kwa dakika 30. Zote hizo ni IP68. Namba ileile, kina tofauti kabisa.

Kuna mambo matatu yanayobadilisha mchezo. Kwanza, majaribio hufanywa kwa maji safi yaliyotulia, simu mpya. Mferejini kuna tope, mafuta ya injini na majani yaliyooza. Pili, kufaulu 7 au 8 hakumaanishi simu imefaulu maji ya kurushwa kwa nguvu. Hayo yana tarakimu zake, 5 na 6. Kwa hiyo ule mchirizi unaochomoka kwenye nyufa za malango ya loki usiusogezee simu kuupiga picha. Tatu, na hili naliona mezani kwangu kila siku: kinachozuia maji ni gundi na vipira vyembamba kuzunguka kioo na tundu la laini. Vinachoka. Simu iliyodondoka ikapinda kona hata kidogo, au iliyofunguliwa kubadilishwa kioo bila gundi mpya, ihesabu haina IP hata kama sanduku linasema inayo.

Dhamana ya mtengenezaji nayo kwa kawaida haigusi uharibifu wa maji. Ndani ya simu nyingi, mara nyingi kwenye tundu la laini, kuna kibandiko kidogo cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Ukienda kulalamika wanaangalia hicho kwanza.

Ya mama mkwe isiyo na maandishi, ichukulie kama sukari.

---

Msafiri_wa_Julai

Fundi hapo kwenye kioo umenigusa, simu ya kijana wangu mmoja ilibadilishwa kioo mwaka jana na sijui gundi ilikuwaje. Kwa hiyo kifuko kinahitajika. Nani anavijua?

---

Bi_Tezi

Kaka, vifuko ninavijua, tunavitumia hata kwenye mitumbwi.

Vinafanya kazi, lakini si vyote na si bila kujaribiwa. Angalia mdomo wake. Vile vya kibanio kimoja cha kugeuza upande huwa vinaanza kuvuja mahali pa kugeuzia. Vizuri ni vya kufunga mara mbili: kwanza mdomo wa kubana kwa vidole, kisha unaukunja mara tatu na kubana tena. Mchanga au unywele mmoja kwenye mdomo unatosha kuingiza maji, kwa hiyo ufute kila unapofunga.

Jaribio: weka karatasi ya chooni iliyokunjwa ndani, bila simu. Funga. Zamisha kwenye beseni na juu weka kitu kizito, acha nusu saa. Toa, kausha nje KABLA ya kufungua, kisha angalia karatasi. Ikiwa na doa moja tu la unyevu, kifuko hicho wekea vitafunwa. Rudia jaribio kila mnapoanza safari, maana plastiki hupata ufa mahali pa kukunjia.

Sasa suala la kuelea, ambalo wengi hawalipigii hesabu. Simu kubwa ya kisasa ina uzito wa gramu 200 hivi, na ukizidisha urefu, upana na unene wake unapata sentimita za ujazo 95 au 100. Maji yanaibeba sawa na ujazo wake, yaani gramu 100 hivi. Zilizobaki gramu 100 ndizo zinazoizamisha. Kwa hiyo ndani ya kifuko unahitaji hewa kama mililita 100, na uongeze kidogo kwa ajili ya kava na kamba. Ni kama nusu kikombe cha chai. Ukikifunga kikiwa kimeshikana na simu, hewa yote umeikamua, kitazama na simu yako ndani ikiwa kavu. Puliza kidogo kabla ya kufunga.

Ubaya wake ni kwamba kikijaa hewa kioo kinakuwa mbali na plastiki na kugusa kunasumbua. Ndiyo maana wengine hupendelea kifuko chenye ukingo wa sponji, au kamba ya mkononi yenye kipande cha sponji kinachoelea. Hizo kamba za sponji pia zijaribiwe kwenye beseni na simu YENYEWE ikiwa ndani ya kifuko kilichokwisha kufaulu. Sponji iliyotengenezwa kwa kamera ndogo haitaibeba simu yenye kava la chuma.

Na chagua rangi. Chungwa au njano kali. Nyeusi juu ya maji yale huioni.

---

Mbishi_Mstaarabu

Samahani wakuu, vifuko vyote vya nini? Simu ikilowa unaweka kwenye mchele siku mbili inapona. Nimefanya, inafanya kazi mpaka leo. Mnatisha watu.

---

Fundi_Bodi

@Mbishi_Mstaarabu simu yako ilipona kwa sababu uliiacha imezimwa siku mbili. Mchele ulikuwa shahidi tu. Ungeiacha juu ya meza penye hewa inayopita ingekauka vilevile, pengine haraka zaidi. Apple katika maelekezo yao wanakataza mchele kabisa, kwa sababu vumbi na vipande vyake vinaweza kuingia na kuharibu simu. Mimi nimetoa punje zilizovimba kwenye tundu la chaja kwa kibanio.

Kinachoua simu ni maji yakiwa pamoja na umeme. Maji ya mfereji yana chumvichumvi na uchafu unaopitisha umeme. Betri ikiendelea kusukuma, madini ya bodi yanaanza kuliwa kwenye njia nyembamba sana, na huo mchakato hauchukui siku. Kwa hiyo, Msafiri, ikitoka majini:

Izime. Usijaribu kwanza kama kamera inafanya kazi, usimpigie mtu kumwambia imetumbukia. Zima. Kama ni ya kutoa betri kama kitochi, toa betri. Toa kava na kisahani cha laini.

Kama ni simu yenye IP na haina ufa, isuuze nje kwa maji safi ya bomba yanayotiririka taratibu, ili tope lisikaukie kwenye tundu la chaja na spika. Kama haina IP au ina ufa, usiiongezee maji, ifute tu.

Ishike tundu la chaja likitazama chini, igongegonge taratibu kwenye kiganja. Kisha iache mahali pakavu penye upepo. Usitumie draya ya nywele, usipulize kwa mashine, usiingize pamba wala kijiti. Vifuko vile vidogo vya silika vinavyokuja kwenye viatu vipya ni vizuri kuliko mchele, ila navyo ni nyongeza tu, hewa ndiyo dawa.

Kuchaji kwa waya ndiko kunakomaliza simu nyingi zilizokuwa zimeshapona. Simu ikikuonya kuna unyevu kwenye tundu la chaja, itii, hata kama inaonekana kavu. Inaweza kuchukua siku nzima. Kama inachaji bila waya na una hiyo chaja, futa mgongo wa simu ukauke, chaji hivyo.

Na kama simu isiyo na IP imekaa chini ya maji hayo dakika kadhaa, ikauke ipelekwe kwa fundi afungue na kuosha bodi kwa spiriti ya isopropili, hata kama imewaka. Hasa kama imewaka. Betri ikivimba au ikipata moto usiilaze nayo ndani ya boti, itoe nje.

---

Mbishi_Mstaarabu

Sawa fundi. Mchele nitapika.

---

Jirani_wa_Mfereji

Mimi naishi karibu na njia hiyo. Naona mnazungumzia mfereji kana kwamba simu inaangukia majini tu. Mkuu Msafiri, katika njia yako kuna daraja la maji la Pontcysyllte. Mnajua lile? Lilifunguliwa mwaka 1805, kazi ya Thomas Telford na William Jessop, na tangu 2009 liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni birika refu la chuma, urefu zaidi ya mita 300, limebebwa na nguzo za mawe karibu mita 38 juu ya mto Dee. Boti inapita ndani ya birika hilo.

Upande mmoja kuna njia ya miguu yenye uzio. Upande wa pili HAKUNA KITU. Ukingo wa chuma unanyanyuka kidogo tu juu ya maji, kisha hewa tupu mpaka bondeni. Na ni upande huo ambao kila mtu anataka kunyoosha mkono apige picha ya mto.

Hapo kifuko kinachoelea hakisaidii lolote. Hapo ni kamba, kwenye mkono, na mkono ubaki ndani ya boti. Watoto wakae ndani au upande wa mbele uliozungukwa, si juu ya paa. Simu ikidondoka upande ule iacheni iende, hakuna cha kuinama kuidaka. Boti yenyewe haianguki, birika linaibana pande zote mbili, ila mtu aliyeegemea nje hakuna kinachombana.

Kabla ya hapo mtapita lile la Chirk na handaki lake. Handakini mnapaswa kuwa na taa ya boti mbele, kwa hiyo tochi ya simu haihitajiki, na paa la handaki hudondosha maji ya baridi bila taarifa. Simu mfukoni.

---

KanaMkononi

Jirani amesema la maana. Ningeongeza kamba ya SHINGONI ivuliwe unapofanya kazi mbili.

Ya kwanza ni kuzungusha hendeli ya kufungulia maji ya loki. Mtambo inaouzungusha una meno na mhimili, na hendeli ikikuponyoka inarudi kwa kasi. Kamba shingoni haitakiwi karibu nayo.

Ya pili ni kusafisha rafadha (pangaboi la chini linalosukuma boti). Mfuko wa plastiki au kamba ya zamani ikijisokota kule chini, unazima injini, unatoa funguo, unafungua kifuniko kilichopo shetri na kuingiza mikono yote miwili majini ukiwa umeinama. Mfuko wa kifuani wa shati uko juu kabisa ya shimo la maji wakati huo. Hiyo ni safari ya moja kwa moja. Kabla hujainama, simu mpe mtu mwingine au iweke ndani.

---

Bi_Tezi

@KanaMkononi hapo kwenye kamba tutofautiane kidogo. Ukimwambia mtu aivue kila kazi, ataivua ya kwanza na hataivaa tena. Bora asiivae shingoni tangu mwanzo. Kamba fupi ya mkononi kwa anayepiga picha, na kwa nahodha mfuko wa zipu kwenye jaketi. Kama lazima iwe shingoni, iwe na kile kibanio kinachoachia kikivutwa kwa nguvu.

---

KanaMkononi

Zipu nakubali. Ila zipu ya kifuani au ya pajani, si mfuko wa nyuma wa suruali. Mfuko wa nyuma ukikaa juu ya boriti la lango la loki kulisukuma kwa makalio, simu inapanda taratibu mpaka inachungulia, na chini yako ni maji.

Kibanio cha kuachia nacho kina lake: kikiachia ukiwa umeinama juu ya maji, simu inakwenda na kamba yake. Basi hapo ndipo kuelea kunapokuja. Mambo yanafuatana.

---

Mzee_wa_Ngama

Vijana mmezungumzia maji ya nje. Ya ndani je?

Boti ya chuma ni baridi usiku, ndani mmelala watu watano mnapumua, mmepika, mmeanika nguo. Asubuhi madirisha yanatiririka. Simu iliyolala kwenye ukingo wa dirisha juu ya kitanda, waya wa chaja umechomekwa, inadondoshewa matone usiku kucha kwenye tundu lilelile ambalo fundi anasema ndilo linaloua. Weka rafu ya ndani, mbali na dirisha, na acha matundu ya hewa ya boti wazi, msiyazibe kwa nguo kwa sababu ya baridi. Matundu hayo yapo pia kwa ajili ya usalama wenu na moshi wa jiko.

Tena yule aliyesema kufunga kifuko na hewa ndani, aangalie anakifungia wapi. Ukikifungia jikoni birika likichemka, umefunga na mvuke. Ukitoka nje kwenye baridi kamera inaona ukungu. Fungia nje penye hewa kavu, au tia kifuko cha silika ndani. Na simu isichajiwe ikiwa ndani ya kifuko, hasa juani. Joto halina pa kutokea.

---

Msafiri_wa_Julai

Shikamoo mzee, hilo la dirisha sikuliwaza kabisa.

Nina swali jingine. Nimesikia wenye boti hubeba sumaku ya kuopolea vitu. Inafaa kwa simu? Na ramani, nahodha ataionaje simu ikiwa mfukoni wakati wote?

---

KanaMkononi

Sumaku ni ya hendeli na vitu vya chuma. Simu ni kioo, alumini na plastiki, usiitegemee. Kwa simu beba wavu wenye mpini mrefu, ule wa samaki wa bwawani.

Ikitumbukia, kwanza weka gia katikati. Rafadha ikiendelea kuzunguka inavuruga tope na kuisogeza simu. Palepale chagua alama ukingoni, mti au jiwe, kwa sababu boti itaendelea kuteleza na baada ya dakika moja kila mtu atakuwa na uhakika wa mahali tofauti. Mfereji wa Llangollen, tofauti na mingi, una mkondo unaohisika, maji yanatoka mto Dee pale Horseshoe Falls na kuteremka kuelekea mlikotoka. Kwa hiyo kama kifuko kinaelea kinakuja upande wa Ellesmere, kama kimezama anzia usawa wa alama yako. Buruta wavu taratibu juu ya tope, usichimbe.

Hakuna kuingia majini. Ndani ya loki ndiyo kabisa, hata kama mnaona simu inaelea pale kona. Maji yakifunguliwa mle yanachemka, na boti ya tani nyingi inasogea huku na huku kwenye nafasi isiyozidi viganja viwili. Subirini loki ijae au itulie, malango yafungwe, wavu ufanye kazi.

Ukishaipata nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na kidonda kifunikwe. Maji ya mifereji yanaweza kuwa na vijidudu vya leptospirosi vinavyotokana na mkojo wa panya.

Ramani: nunua ya karatasi, au kitabu cha njia. Mwendo wenu hauzidi maili 4 kwa saa, hutahitaji sauti ya kukuambia geuka kulia. Simu ya kuongoza ikiwa kwenye mvua inasumbua hata isipoharibika, matone kwenye kioo inayahesabu ni vidole, inafungua vitu yenyewe.

---

Jirani_wa_Mfereji

Na kwenye hiyo karatasi, angalieni namba za madaraja. Kila daraja la mfereji lina kibao chenye namba. Nahodha awe anajua amepita namba gani mwisho. Mkihitaji msaada wa dharura wa 999 au 112, "mfereji wa Llangollen, kati ya daraja namba fulani na fulani" inaeleweka hata kama simu pekee iliyobaki ni kitochi kisicho na ramani. Kuna sehemu mfereji umepita kwenye bonde lililochimbwa na mtandao unakuwa wa shida, hapo itabidi mtu atembee mpaka darajani.

---

Fundi_Bodi

Kabla ya safari: nakala za picha na namba ziwekwe kwenye akaunti ya mtandaoni, na huduma ya kutafuta simu iwashwe. Haitaiona ikiwa topeni, ila itakuwezesha kuifunga kutoka simu ya mke. Na programu ya benki isiwe kwenye simu moja tu. Kama nywila za benki zinakuja kwa ujumbe kwenye laini iliyozama, utakaa na pesa yako bila kuigusa mpaka laini irudishwe, na kurudisha laini ukiwa nje ya nchi si kazi ya dakika.

---

Msafiri_wa_Julai

Wakuu nimewasomea wote nyumbani. Vijana wamekubali kamba za mkononi. Vifuko viwili tulivyokuwa navyo tumevitia kwenye beseni na karatasi kama alivyosema Bi_Tezi, kimoja kimelowa, kimeenda kuwa cha vitafunwa.

Imebaki mama mkwe. Anasema daraja hilo la Pontcysyllte ndilo lililomfanya akubali kuja, na atapiga video mwanzo hadi mwisho apende mtu asipende.

---

Jirani_wa_Mfereji

Msizuie. Mkikaribia daraja mkitokea kwenu mnafika Froncysyllte kwanza. Egesheni hapo, mshusheni na mtu mmoja wa kumsindikiza. Avuke kwa miguu kwenye njia ya upande wenye uzio, na boti ipite kando yake taratibu. Mnampakia ng'ambo, Trevor. Atawapiga video nyie mkiwa juu ya bonde, kitu ambacho aliye ndani ya boti hawezi kukipata. Kamba ya mkononi bado avae, uzio una nafasi kati ya nondo na nondo.

---

Msafiri_wa_Julai

Amekubali. Anauliza kama hiyo kamba ya sponji inapatikana ya rangi ya zambarau.

---

Bi_Tezi

Mwambie mama chungwa. Zambarau avae kitambaa.